Kuitembelea alizeti ikiwa na maua: mwongozo kamili kwa familia za Moshi na Arusha

Kila mwaka, masika yakiisha na kipupwe kikianza kuingia, mashamba ya tambarare chini ya Kilimanjaro na Meru hubadilika rangi. Mahindi huanza kupauka, maharage huwa yameshang'olewa, na katikati yake hujitokeza vipande vya njano ambavyo abiria wa barabara ya Moshi na Arusha huvitazama dirishani kwa dakika moja kabla havijapotea nyuma ya basi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi anayetaka dakika hiyo iwe asubuhi nzima, watoto wakiwa wameshuka garini, wameligusa jani, wamemsikia nyuki na wameuliza maswali yao yote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba shamba la alizeti huku kwetu ni riziki ya mtu. Kwa kawaida hutakuta geti, tiketi wala mwongoza wageni. Kwa sababu hiyo, matembezi haya hutegemea mambo mawili yanayofanyika kabla ya kutoka nyumbani, nayo ni kuijua wiki sahihi na kupata ruhusa ya mwenye shamba. Mambo mengine yote ni rahisi.

Kuipata wiki sahihi

Safari yetu ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Julai, nasi tulikwenda kwa kumbukumbu ya njano tuliyoiona tukiwa safarini majuma kadhaa nyuma. Tulikuta vichwa vimeinama, vimekuwa vya kahawia, na petali zimeshaanguka. Binti yetu mdogo alilia. Ndipo nilipojifunza kwamba shamba moja la alizeti hukaa katika uzuri wake kwa muda wa wiki mbili, au tatu kwa bahati, na kwamba muda huo unaweza kukadiriwa kwa hesabu badala ya kubahatishwa.

Hesabu yenyewe huanzia siku ya kupanda. Alizeti huanza kufungua maua takriban siku 60 hadi 75 baada ya mbegu kuwekwa ardhini, kutegemea aina ya mbegu na joto la mahali, na katika maeneo ya juu yenye baridi huchelewa zaidi. Wakulima wengi wa tambarare hupanda mvua za masika zinaposhika, yaani Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, hivyo maua mengi huonekana kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Julai. Ni bahati njema kwamba kipindi hicho hukutana na likizo ya shule ya katikati ya mwaka na sikukuu ya Sabasaba. Muulize mkulima tarehe aliyopanda, iandike, hesabu siku 65, kisha mpigie simu wiki moja kabla ya siku hiyo umuulize swali hili moja: je, maua ya kwanza yameshafunguka? Akisema yamefunguka machache, nenda baada ya siku tano hadi saba.

Muulize pia aina ya mbegu, kwa sababu jibu lake litakusaidia kupanga. Mbegu chotara hufanana kimo na huchanua karibu kwa pamoja, kwa hiyo shamba lake huwa zulia moja la njano, lakini ukichelewa siku chache umelikosa. Mbegu za kawaida, kama ile ya Record ambayo wakulima wa Tanzania wameizoea kwa miongo mingi, hazifanani sana. Baadhi ya mimea huwa tayari imeinama wakati mingine ndiyo inafungua macho. Familia yenye watoto wadogo, ambayo safari yake inaweza kuahirishwa kwa homa au mvua, mimi ningeishauri itafute shamba la namna hii ya pili, kwa sababu lina subira zaidi, na mtoto huona hatua zote za ua katika mstari mmoja.

Kuchagua upande wa mlima

Hili ni jambo ambalo sijaona watu wakilizungumzia, ilhali ndilo linaloamua kama mtapata ile picha mnayoiota, ya watoto, maua na mlima kwa pamoja. Watu wengi husema kwamba alizeti hufuata jua. Usemi huo ni wa kweli kwa mmea mchanga tu. Kichwa ambacho bado hakijafunguka hugeuka pamoja na jua kutoka mashariki hadi magharibi, na usiku hurudi taratibu kuelekea mashariki, kwa sababu pande mbili za shina hukua kwa kasi tofauti mchana na usiku. Ua likishakomaa, shina hukakamaa na safari hiyo hukoma. Kuanzia hapo shamba zima hutazama mashariki, asubuhi, mchana na jioni.

Sasa chukua habari hiyo uiweke kwenye ramani ya kwetu. Ukiwa Sanya Juu, mlima Kilimanjaro uko upande wako wa mashariki, na ukiwa Boma Ng'ombe uko kaskazini mashariki. Ukisimama pande hizo ukiutazama mlima, maua nayo yanautazama mlima, na wewe unaona visogo vyake vya kijani. Isitoshe, jua la asubuhi hutokea upande huohuo na kukupiga machoni. Ukiwa kusini mwa mji wa Moshi, mlima uko kaskazini kabisa, na maua yanatazama kulia kwako, hivyo utayaona kwa ubavu. Lakini ukienda upande wa Himo na kuendelea kuelekea Holili, mlima unakuwa kaskazini magharibi yako. Hapo unaweza kusimama jua likitokea nyuma ya bega lako la kulia, maua yakiwa yamekugeukia, na mlima ukiwa nyuma yao umeangazwa wote.

Kwa familia za Arusha kanuni ni hiyohiyo kwa mlima Meru. Upande wa Kisongo na Monduli, Meru huwa mashariki, hivyo maua hukupa kisogo. Upande wa Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, Meru huwa magharibi na kaskazini magharibi, nayo maua hukukaribisha. Simaanishi kwamba shamba la Hai, wilaya ya Boma Ng'ombe, au la Monduli halifai kutembelewa. Linafaa kabisa kwa mtoto anayetaka kujifunza, na pengine mwenye shamba huko ni ndugu yako. Ninachosema ni kwamba, kama mlima ndio unaowatoa nyumbani, chagueni upande kabla ya kuchagua shamba.

Kuhusu saa, kuweni shambani kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Kipupwe ni msimu wa mawingu katika miteremko hii, na mara nyingi mlima ukionekana asubuhi huwa umeshajifunika kabla ya saa nne. Nyuki nao hufika mapema, kwa kuwa ua linalotazama mashariki hupata joto haraka jua linapochomoza, na joto hilo huwavuta.

Kumpata mwenye shamba na kuomba ruhusa

Msitafute shamba lile la mwaka jana mkidhani mtalikuta kama mlivyoliacha. Mkulima makini haipandi alizeti mahali palepale mwaka hadi mwaka, kwa sababu magonjwa hubaki kwenye udongo na rutuba hupungua, hivyo mwaka unaofuata hapo mtakuta mahindi au maharage. Njia bora ni kupita barabarani mapema, mwezi wa Mei, na kuangalia ni wapi mimea yenye majani mapana imeshafika kiunoni.

Ukishaliona shamba, utakutana na ugumu ambao wageni wa Uchagani huushangaa, kwamba mwenye shamba hayupo. Kaya nyingi za mlimani zina kihamba, yaani makazi ya juu yenye migomba na kahawa, kisha zina shamba la tambarare ambako hushuka wakati wa kupanda, kupalilia na kuvuna. Anayeonekana pale chini anaweza kuwa kibarua, mtu wa kufukuza ndege au jirani. Msalimieni, kisha mwulizeni jina la mwenye shamba na namna ya kumpata. Ikishindikana, mwenyekiti wa kitongoji atawaelekeza, na afisa ugani wa kata anajua ni nani amepanda nini na lini.

Mkimpata, mwombeni kwa utaratibu wetu. Salamu kwanza, tena salamu kamili, na watoto nao wamwamkie. "Shikamoo mama. Habari za nyumbani? Tumepita tukaona alizeti yako imependeza, tukaona tuje kuomba, kama hutajali, tuwalete watoto Jumamosi asubuhi waione." Elezeni idadi yenu, saa mtakayofika na muda mtakaokaa. Muulizeni anapenda mpite wapi na wapi msipite. Suala la malipo lizungumzwe hapohapo, kabla ya siku yenyewe, kwa uwazi na kwa heshima. Wengine watakataa fedha kabisa, na kwa hao kilo mbili za sukari na majani ya chai ni shukrani inayoeleweka. Wengine watataja kiasi, na ni haki yao, kwa sababu kila mgeni anayeingia anaweza kuvunja kitu. Malipo mpeni mwenye shamba mwenyewe au mtu aliyemtaja, msimwachie yeyote mliyemkuta njiani.

Kama mmekosa shamba msimu mzima, iko njia ya mkato inayoheshimika. Katika maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Kaskazini, kwenye viwanja vya Themi, Njiro, mwanzoni mwa Agosti, hupandwa vipando vya mazao mbalimbali, na alizeti huwa miongoni mwake. Hamtapata upana wa shamba, lakini wataalamu husimama kando ya vipando kujibu maswali.

Usafiri na vya kubeba

Kutoka Moshi hadi Himo ni kilomita zisizofika 30, na Boma Ng'ombe ni umbali unaokaribiana na huo kwa upande wa magharibi. Daladala zipo kuanzia alfajiri, na kutoka stendi mnaweza kuchukua bajaji hadi shambani, ila patana na dereva saa ya kuwarudia. Wenye gari wasiliegeshe ukingoni mwa barabara kuu kwa ajili ya picha. Malori ya kwenda mpakani hayana nafasi ya kukwepa mtoto anayevuka ghafla. Ingieni njia ya shamba, na kama usiku uliotangulia ulinyesha, acheni gari kwenye udongo mgumu mtembee.

Vaeni mikono mirefu na suruali, kwa kuwa majani na mashina ya alizeti yana vinyweleo vinavyokwaruza ngozi, na chavua yake huacha madoa ya njano kwenye nguo nyeupe. Asubuhi ya Juni ina baridi, hivyo masweta ni lazima. Bebeni maji, chai ya chupa, maandazi, ndizi, kofia, mfuko wa taka, na lenzi ya kukuzia kama mnayo. Kamera ya kuruka angani iacheni nyumbani, kwani inahitaji kibali cha mamlaka, na sehemu ya tambarare ya Hai iko jirani na uwanja wa ndege wa KIA.

Ndani ya shamba

Kabla hamjaingia, wakusanyeni watoto mwapatie sheria chache. Tunatembea kati ya mistari, hatuvuki mstari. Hatukimbii. Hatuchumi wala hatuvuti kichwa kukileta usoni, kwa sababu shina huvunjika shingoni, na kichwa kilichovunjika hakitajaza mbegu tena. Mistari ya alizeti iliyopandwa kitaalamu huachana sentimita 75, nafasi inayomtosha mtu mmoja kupita polepole, na mimea mirefu humzidi kimo hata baba wa nyumba. Mtoto wa miaka mitano akiingia humo hakuoni wala humwoni. Mvalisheni nguo ya rangi nyekundu au ya bluu iliyokolea, na mfundisheni hili: ukipotea, fuata mstari mmoja bila kuuacha, utakufikisha pembeni mwa shamba.

Sasa simameni mbele ya ua moja, moja tu, na mpe kila mtoto muda. Kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua madogo mamia kwa mamia, na kichwa kikubwa kinaweza kuwa nayo zaidi ya 1,000. Petali za njano za pembezoni kila moja ni ua lake, lakini hazizai mbegu. Kazi yake ni kuwaita wadudu. Maua yanayozaa ni yale madogo ya katikati, na hufunguka kwa zamu kuanzia nje kwenda ndani, mistari michache kila siku, kwa muda wa siku tano hadi kumi. Kwa hiyo mtoto akiweka lenzi anaweza kusoma umri wa ua: pete ya nje imeshamaliza na imeanza kunyauka, pete inayofuata imejaa chavua, na kitovu cha kijani bado kimefumba. Mwulize ua hili lilifunguka lini. Binti yetu aliyelia mwaka ule, mwaka uliofuata alikuwa anazunguka akiyapangia maua siku za kuzaliwa, na nilimwacha azunguke mpaka akachoka.

Kwa watoto wa darasa la nne kwenda juu, kuna zoezi la hesabu ambalo halichoshi. Mbegu katika kichwa hujipanga kwa mistari inayopinda, mingine ikielekea kulia na mingine kushoto. Ukihesabu mistari ya kila upande, mara nyingi utapata 34 na 55, au 55 na 89 katika kichwa kikubwa. Namba hizo ni sehemu ya mfululizo ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89. Kuhesabu juu ya ua hai ni vigumu na huliumiza, hivyo nunueni kwa mkulima kichwa kimoja kilichokomaa, mketi nacho kivulini, na mweke alama kwa kalamu ya wino kila mstari unaohesabiwa.

Nyuki na dawa

Nyuki walio kwenye maua wana kazi yao na kwa kawaida hawamshambulii mtu aliyetulia. Hatari iko karibu na mizinga. Muulizeni mkulima kama kuna mizinga iliyotundikwa jirani, na mkae mbali nayo kabisa. Msipake manukato siku hiyo. Mtoto akiumwa, ondoeni mwiba mara moja kwa kuukwangua, osheni kwa maji na sabuni, wekeni kitu cha baridi. Uso au midomo ikivimba, au akianza kuhema kwa shida, hapo hakuna kusubiri. Nendeni hospitali iliyo karibu bila kuchelewa. Mzazi mwenye mtoto anayejulikana kuwa na mzio wa nyuki asimwingize shambani wakati wa maua. Amwonyeshe kutoka kwenye gari, au amlete wakati wa mavuno.

Swali la dawa liulizwe kwa simu siku moja kabla. Mwulizeni mkulima kama amepiga dawa ya wadudu wiki hiyo na ni dawa gani, kwa sababu kila dawa ina idadi yake ya siku za kusubiri iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kama amepiga jana, ahirisheni. Baada ya matembezi, kila mtu anawe mikono kabla ya kugusa andazi.

Baada ya shamba

Saa moja na nusu ndani ya shamba inatosha. Watoto wakianza kukaa chini, ondokeni. Waliokuwa upande wa Himo wanaweza kupanda hadi Marangu kwenye maporomoko ya Kinukamori, waliokuwa Boma Ng'ombe wakashuka Chemka kuogelea, na wa Arusha wakapumzika kando ya ziwa Duluti. Chemka ina vina virefu, kwa hiyo mtu mzima aingie majini kabla ya mtoto.

Lakini mimi, kama ningelazimika kuchagua jambo moja la kuongeza, ningechagua kurudi shambani mara ya pili. Mwezi mmoja hadi mwezi na nusu baada ya maua, mgongo wa kichwa hugeuka kutoka kijani kuwa njano na kisha kahawia, na mavuno huanza. Wakati huo watoto wanaweza kushika fimbo na kupura, kupepeta kwa ungo, na kuona mbegu nyeusi zikijaa debe. Muulizeni mkulima anakamulia wapi, mnunue kwake mbegu kiasi na mzipeleke mashineni wenyewe. Watoto wasimame mbali na mikanda ya mashine. Mbegu nzuri za mafuta huwa na mafuta karibu asilimia 40 ya uzito wake, ingawa mashine ndogo haiwezi kuyatoa yote, na sehemu inayobaki hutoka na mashudu, ambayo kwa wafugaji wa ng'ombe wa ndani na kuku ni chakula cha kugombewa. Mafuta yenyewe hutoka ya vuguvugu na yenye ukungu. Yaacheni yatulie siku kadhaa kwenye dumu, kisha yachujeni kwa kitambaa safi.

Kabla hamjaagana na mkulima, hifadhini namba yake ya simu pamoja na jina la kijiji na tarehe aliyopanda mwaka huu. Ifikapo Machi mpigieni, mumsalimie, na mumuulize mwaka huu alizeti ameipeleka shamba lipi.